Chumba Kimoja na Mheshimiwa

Asubuhi hii nimelipia watu wawili katika chumba nilicholala peke yangu. Bili ninayo hapa mapajani wakati tunasubiri kosta, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa dada wa mapokezi: chumba, mgeni wa pili, taulo ya mgeni wa pili, kifungua kinywa cha mgeni wa pili. Mgeni huyo wa pili ni jogoo. Nilipouliza, kwa sauti ambayo sisi Wakenya tunaiona ya kawaida na watu wa Dodoma wanaiona ya ugomvi, ni kwa nini kuku alipishwe chai na chapati, meneja aliweka mkono kifuani.

"Pole sana, mwalimu. Lakini chapati ziliandaliwa."

"Kuku hakuzila."

"Ni kweli, mwalimu. Tungefurahi sana kama angezila."

Adabu ya namna hii haina mahali pa kuishika. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Mtu akikupa pole huku anakuhesabia chenji, unabaki kusema asante, na mimi nikasema asante, mbele ya wenzangu wote waliokuwa wameshika mabegi na wanajiziba midomo kwa leso.

Nieleze kuku alivyonifikia. Tulitoka Kitui kuja Dodoma kwa kile ambacho miradi hukiita ziara ya kubadilishana uzoefu: wakulima na walimu wa mahali pakame wanapakiwa kwenye gari, wanapelekwa mahali pengine pakame, wakaone wenzao wanavyoishi na ukame wao. Tulipelekwa kijiji kimoja cha Chamwino kujifunza Kisiki Hai, na hapo sina kejeli, kwa sababu jambo lenyewe linashangaza. Hupandi mti. Unaingia shambani unakoona vichaka vya kufika magotini, vile ambavyo mbuzi wanavila kila kiangazi mpaka umevizoea kama takataka. Chini ya kila kichaka kuna kisiki cha mti uliokatwa zamani, na mizizi yake haijafa, iko chini kabisa kwenye unyevu ambao wewe na jembe lako hamtaufikia. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine yote, unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue mti una mwenyewe, halafu unalinda. Chipukizi hilo linanyonya kwa mizizi ya mti mzima, kwa hiyo linapanda kwa kasi ambayo mche wa kitalu, hata ukiubembeleza kwa ndoo za maji, hauifikii.

Mzee mwenyeji wangu alinionyesha na makingamaji yake. Alieleza kwa kirefu jinsi ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, mvua inaujaza taratibu, baada ya miaka mteremko umekuwa ngazi. Nilisikiliza kimya, natikisa kichwa, nauliza maswali. Ngazi za fanya juu zilichimbwa kwetu Ukambani, kule Machakos, tangu miaka ya 1950; bibi yangu aliharibikiwa mgongo kwa kuzichimba. Lakini mgeni hamfundishi mwenyeji shamba lake. Mzee alifurahi mno. Naamini ukimya wangu mbele ya ule mtaro ndio uliozaa kuku.

Siku ya kuagana, baada ya ng'oma za muheme zilizopigwa na akina mama huku sisi tukiambiwa tucheze (tulicheza, picha zipo, sitazizungumzia), mama mwenye nyumba akatoka uani na jogoo. Alikuwa kishingo, mwekundu, mkia mweusi, shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja, miguu imefungwa kwa kitambaa kilekile cha kuwekea visiki alama.

"Mwalimu, huyu ni wako."

"Mama, asante sana, lakini nyumbani ni mbali."

"Mbali ndiko kunakotaka kuku. Unataka kufika kwa mkeo mikono mitupu, aseme ulilala kwa watu gani?"

Nilimtazama kiongozi wa msafara anisaidie. Akatazama mbuyu. Na ni kweli hapakuwa na la kusema. Kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida ndio hao wanaorundikwa kwenye matenga na kupelekwa Dar es Salaam, ambako watu wanalipa bei nzuri kwa nyama yenye kutafunika. Jogoo mkubwa vile ni ada ya shule, ni dawa, ni mafuta ya kupikia ya mwezi. Mtu akikupa kitu cha aina hiyo, ukikikataa umemwambia umaskini wake unauona. Nikapokea kwa mikono miwili.

Ndani ya kosta mweka hazina wetu, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi, alimpa jina. Jogoo alikuwa ameketi kiti cha mbele kwenye tenga, kifua nje, hamtazami mtu, hajibu salamu. "Huyu ni Mheshimiwa," akasema, na gari zima likaafiki.

Sasa lazima ujue kuhusu Juni ya Dodoma. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, ikachukua mwendo wa kinyonga mpaka mwaka 2016 ilipoamua kuhama kwa kishindo, na tangu hapo mji una wizara, mabarabara, na watu wengi wenye mafaili. Wakati wa bajeti wanaongezeka wabunge, madereva wa wabunge, wataalamu wa wizara wanaokesha kuandika majibu, na wadau wanaotaka kusalimiana na hao wote. Chumba unakipata kwa kujuana. Sisi tulipata gesti ndogo kwa huruma ya mtu aliyejuana na mtu, na mwenye gesti alikuwa amesema wazi kwamba hana desturi ya kupokea vikundi.

Nilipita mlango wa nyuma, tenga nimelifunika kanga. Mweka hazina alibaki mapokezi kuandikisha majina. Dada akauliza chumba cha pembeni kina nani. "Kina mwalimu na Mheshimiwa," akajibu, akacheka peke yake. Kitui huo ni utani. Dodoma, mwezi wa Juni, ni taarifa rasmi. Sikuwa nimemaliza kulifungua tenga nikasikia hodi ya heshima, na mlangoni nikakuta taulo ya pili nyeupe, sabuni ya pili, ndala za pili, na chupa ya maji ambayo wenzangu hawakupewa. Nilidhani ni ukarimu wa Kitanzania. Nikashukuru.

Methali unayoifikiria msomaji naijua, nami niliitegemea. Mpango wangu wote wa usiku ule ulisimama juu ya hekima ya wahenga kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Nasema sasa, kwa ushahidi, kwamba wahenga hawakulala naye chumba kimoja.

Saa tisa usiku gari liliingia uani, taa zikapiga dirisha la bafuni nilimomweka, na Mheshimiwa akafungua kikao.

Tangu hapo sikulala, na kwa kuwa sikulala nilisoma kwenye simu, na kwa kuwa nilisoma nimekuwa mtu mwenye elimu isiyo na kazi. Jogoo hawiki kwa sababu ameona mwanga. Mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwafungia majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, wasijue kama kumekucha. Majogoo wakawika kwa ratiba ileile siku baada ya siku. Saa iko ndani ya jogoo mwenyewe. Kwa kawaida anaanza kama saa mbili kabla ya mapambazuko, na kwa kuwa Dodoma mwezi huu jua linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi, Mheshimiwa alikuwa na haki ya kisayansi ya kuanza saa 10:45. Lakini watafiti haohao wanasema taa na kelele navyo humchokoza, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo anavyochokozeka kwa urahisi. Kwa hiyo lile gari lilimfungulia mlango uliokuwa tayari haujafungwa vizuri. Na mimi, kwa kumhamishia kwenye giza la bafuni, nilikuwa najaribu kuidanganya saa ambayo Wajapani wenye maabara hawakuidanganya.

Utafiti wao wa pili, wa mwaka 2015, ndio ulioniumiza zaidi. Majogoo wakiwa pamoja, hawawiki ovyo. Anaanza mwenye cheo kikubwa, wengine wanafuata kwa kushuka ngazi, na mnyonge anangoja zamu yake. Mkubwa akiondolewa, wa pili anachukua nafasi. Ina maana kule Chamwino, ambako majirani walikuwa na majogoo wa kutisha, huenda huyu alikuwa wa nne au wa tano, kijana mtulivu anayengoja aitwe. Mimi nimemtoa katika utawala ule nikamweka peke yake ndani ya bafu lenye vigae, lenye mwangwi, katika makao makuu ya nchi. Alikuwa kiongozi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitawala.

Kumziba mdomo hakusaidii. Sauti ya ndege haitoki kooni juu kama yetu. Chombo chake kiko chini kifuani, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Ukimshika mdomo anatoa mlio wa mtu anayenyongwa, ambao ukipita ukutani ni mbaya kuliko kuwika. Wala yeye mwenyewe kelele hiyo haimsumbui. Watafiti wa Ubelgiji waliweka maikrofoni ndogo karibu na masikio ya majogoo mwaka 2018 wakapata zaidi ya desibeli 130, kiasi cha kumharibia binadamu usikivu, kisha wakagundua kwamba jogoo akifunua mdomo wote, mfereji wa sikio lake unajiziba na ngozi laini inafunika nusu ya kiwambo. Maumbile yamempa kipaza sauti na pamba za masikio kwa pamoja. Mimi nilipewa mto wa gesti.

Kwetu wazee wana dawa: jogoo lazima anyooshe shingo juu ndipo awike, basi mfunike karai kubwa au mwingize mahali pafupi. Nilimwingiza chini ya kitanda. Vitanda vya gesti hii vina miguu mirefu ili wafagizi wafagie vizuri, na wanafagia vizuri. Huyu naye ni kishingo, shingo ile haina hata manyoya ya kuizuia. Aliinyoosha yote.

Ndipo ikaja hodi.

"Mheshimiwa, samahani sana kwa usumbufu."

Nikanyamaza. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, imechoka, imejaa adabu.

"Naomba tu, kama hutajali, ile alamu ya simu… ile ya jogoo… uipunguze kidogo. Mimi niko kwenye majibu ya wizara, nimefunga macho saa nane."

Hapo ndipo nilipoelewa taulo. Ningeweza kufungua mlango. Lakini fikiria ukiwa mgeni, saa kumi usiku, umevaa kanga ya kufunikia kuku kwa sababu Dodoma mwezi wa Juni ina baridi ambayo hakuna aliyetuambia, unamfungulia ofisa wa serikali ya nchi nyingine ili umwonyeshe Mheshimiwa.

"Sawa," nikasema kwa sauti nzito.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa. Usiku mwema."

Aliyemjibu ni jogoo. Na kutoka upande wa pili wa barabara akajibiwa na mwingine, na huyo na mwingine, mpaka nikasikia wimbi lile likienda mbali kuelekea njia ya Chamwino, mtaa baada ya mtaa, na ofisa wa watu akirudi chumbani kwake polepole kwa ndala.

Saa moja kijana wa jikoni alileta sinia lenye vikombe viwili. Jogoo alikuwa juu ya kiti, juu ya taulo ya pili.

"Mheshimiwa ametoka?"

"Mheshimiwa yupo."

Alisimama muda mrefu. Kisha akaweka sinia mezani upande wa jogoo, akarudi nyuma bila kugeuza mgongo. Meneja alikuwa amejua yote kabla sijanawa uso. Nilimweleza kwamba jina lilikuwa utani wa mweka hazina, na kwamba mimi sikuomba taulo wala chapati. Alikubaliana nami kwa kila neno. Bili haikupungua.

Ningemsamehe na hilo kama ningefika na kuku nyumbani. Nilikwenda kumwona mtaalamu mmoja wa mifugo, kijana mwelewa, akanichorea safari ya jogoo kwenye karatasi. Kumtoa wilayani kunataka kibali. Kumvusha mpaka kunataka cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali upande huu na kibali cha kuingiza kutoka Nairobi, vyote kabla hajapanda gari. Upo utaratibu wa kuwarahisishia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ila afya ya mnyama haimo katika urahisi huo, na isitoshe mimi si mfanyabiashara. Nikamwuliza zawadi inaingia fungu gani. Akafikiri sana, akasema hajawahi kuulizwa.

Sicheki tena hapa. Mwezi wa Oktoba 2017, pale Namanga, vifaranga 6,400 kutoka Kenya walichomwa moto na mamlaka za Tanzania kwa hofu ya mafua ya ndege. Februari iliyofuata wakachomwa wengine. Oktoba ileile ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokuwa wamefuata malisho kusini ya mpaka walipigwa mnada. Nasi hatuna la kujivunia: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, halafu siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti, kana kwamba hakuna aliyekuwa amelala chini ya lori. Hofu ya ugonjwa naielewa. Mtu aliyepoteza banda zima la kuku kwa kideri haambiwi kwamba chanjo ni usumbufu. Nisichokielewa ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, wakuu wakapigwa picha, na hadi leo bibi wa Chamwino hawezi kumtumia bibi wa Kitui kuku bila nyaraka ambazo hata kampuni ingezitafutia wakala. Mimi mwenyewe niliingia kwa pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Miradi inatuvusha sisi, inavusha kompyuta zetu na mabango yetu, inatuweka hotelini tubadilishane uzoefu. Kitu kimoja ambacho mwenyeji alitaka kubadilishana kweli, alichokifuga mwenyewe, ndicho kisichovuka.

Mengine ya siku za mwisho ni madogo. Cheti changu cha ushiriki kimeandikwa jina la mwanamke. Kwenye hafla ya kufunga nililala wakati wa hotuba na nikaamshwa nitoe shukrani. Chupa ya mvinyo wa zabibu za Dodoma niliyomnunulia shemeji imefunguka begini, na kadi ya homa ya manjano sasa ni nyekundu. Picha ya pamoja ilipigwa wakati naishughulikia kadi.

Jogoo nimempa mlinzi wa usiku, mtu pekee katika gesti ile aliyesema sauti ile ilimsaidia kukaa macho. Amenihakikishia hatamchinja, na mkewe ana matetea. Mzee wa Chamwino sijui jinsi ya kumweleza. Mwanawe ameshatuma ujumbe kwenye simu: mkifika salama, mtupigie picha ya kuku akiwa Kitui, mama anataka kuiona.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waheshimiwa wenyewe, wale wanaokutana Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya. Siombi mpaka ufunguliwe wala chanjo ifutwe. Naomba karatasi moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ibandikwe Namanga, Holili, Horohoro, Sirari na Mutukula, iseme mtu aliyepewa zawadi na mwenyeji wake anaruhusiwa kuku wangapi, anachunguzwa na nani papo hapo, na kwa ada gani. Wakishaiandika, wamtumie nakala meneja wangu wa Dodoma.